Bahari ya Bretagne na Nahodha Éric Tabarly

Wengi wenu mmeniuliza, wengine kwa barua na wengine mlangoni pa ofisi mkija kuandikisha ubatizo, niliona nini huko Ufaransa mwaka 2018. Nimekuwa nikiwajibu kwa maneno mawili matatu, maana kazi ya daftari haingoji. Leo nimepata nafasi. Lakini sitawasimulia habari za Paris, kwa kuwa Paris tulipita tu; tuliona stesheni ya treni na watu wakienda mbio kama kwamba nyumba zao zinaungua. Nataka kuwachukua mpaka mwisho wa nchi ile, upande wa magharibi, mahali nchi kavu inapoingia baharini kama mkono wa mtu. Mahali hapo huitwa Bretagne. Na huko nataka mjue habari za mtu mmoja, Éric Tabarly, nahodha aliyewashinda wengi sana katika mashindano ya matanga, na ambaye mwisho wake alikufa maji.

Msiseme, “Karani anatuletea michezo ya matajiri.” Hata mimi nilifikiri hivyo. Mimi ni mtoto wa pwani. Kwetu tanga ni kazi, na atwekaye tanga anatafuta samaki wa kuuza apate karo ya watoto. Mdogo wangu hata leo ana ngalawa yake, na usiku usio na mwezi huenda kuvua dagaa na taa. Tena mjomba wangu, ndugu wa mama, alitoka usiku mmoja wa kusi mimi nikiwa mtoto wa shule, wala hakurudi. Kumbukeni habari ya mjomba, nitairudia.

Tulikuwa watu watano, tumealikwa na parokia moja rafiki. Aliyetuongoza alikuwa padre mzee, mwenyeji wa huko, aliyekaa kwetu miaka mingi akarudi kwao kupumzika. Kiswahili chake ni cha zamani, kizuri kuliko cha vijana wetu. Aliniita “Karani” tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, kama kwamba sikubatizwa jina.

Treni ilituchukua kutoka Paris mpaka mji wa Lorient kwa muda wa saa tatu hivi. Jina hilo Lorient maana yake ni Mashariki. Katika mwaka 1666 Kampuni ya Kifaransa ya Bahari ya Hindi ilianza kuunda merikebu zake pale, na mojawapo ya merikebu hizo iliitwa Jua la Mashariki; ndipo mji ukapata jina. Basi Mashariki yenyewe ni sisi, pamoja na Wahindi na Wachina. Padre aliponieleza nilifurahi kidogo, lakini furaha haikudumu. Visiwa vya Mauritius na Réunion vilikuwa mikononi mwa Kampuni ile mpaka mwaka 1767, na mashamba ya visiwa vile yalilimwa na watumwa. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Na mji wa Nantes, alikozaliwa nahodha wetu tarehe 24 Julai 1931, ndio uliokuwa mkubwa kuliko bandari zote za Ufaransa katika biashara ya watu. Tangu mwaka 2012 pana mahali pa ukumbusho kando ya mto wa mji ule, ili jambo hilo lisisahauliwe. Nayasema haya mapema, msije mkadhani bahari ile ilikuwa ya michezo tangu mwanzo.

Mji wa Lorient wenyewe si wa kale kwa macho. Wakati wa vita Wajerumani walijenga pale, mahali paitwapo Keroman, mapango makubwa ya saruji ya kufichia nyambizi zao. Ndege za Uingereza na Marekani ziliyapiga mabomu zisiweze kuyavunja. Basi mwaka 1943 mji ukavunjwa badala yake, karibu wote. Mapango yapo hata sasa. Nilisimama chini yake nikajiona kama sisimizi. Lakini nyambizi zimekwisha ondoka, na mahali pake wamekaa mafundi wa vyombo vya mashindano, na kando yake pana nyumba kubwa iliyofunguliwa mwaka 2008, yenye jina la Éric Tabarly. Ni nyumba ya kufundishia watu mambo ya matanga. Watoto wa shule walikuwa wamejaa, wakivuta kamba na kuuliza maswali. Nje, gatini, tulikuta baadhi ya vyombo vyake vimefungwa, vyeusi na vyembamba.

Sasa sikilizeni habari ya chombo kimoja, maana pasipo chombo hicho nahodha hatuelewi.

Mwaka 1938 baba yake Tabarly alinunua mashua ya zamani iliyoundwa Ayalandi mwaka 1898, kwa mchoro wa fundi mmoja wa Skotlandi, William Fife. Urefu wake ni meta 15, lakini ni nyembamba, na omo na tezi zake zimerefuka sana juu ya maji. Akaiita Pen Duick, na kwa lugha ya Kibretoni hilo ni jina la kijindege chenye kichwa cheusi. Éric alikuwa na miaka saba. Kisha ikaja vita, mashua ikakaa matopeni miaka mingi, mbao zikaoza. Baba hakuwa na fedha za kuitengeneza wala hakupata mnunuzi. Basi mwaka 1952 akampa mwanawe, kama vile mzee wa kwetu anavyoweza kumpa kijana ng’ombe mgonjwa: ukiweza kumponya, wako.

Kijana aliingia jeshi la wanamaji, akawa rubani wa ndege, akapelekwa mpaka Indochina, akaweka akiba ya mshahara. Mafundi walimwambia mbao hazifai tena. Ndipo yeye, mwaka 1958, alipofanya jambo ambalo mafundi wetu wa mashua wangelipenda kuliona. Mashua iligeuzwa kifudifudi, akatandika juu ya mbao zile mbovu nyuzi za kioo zilizolowekwa dawa igandayo kama gundi, tabaka juu ya tabaka, mpaka likawa ganda gumu. Kisha mbao mbovu zikatolewa ndani kama mtu atoavyo nyama ya dafu, akabaki na mwili mpya wenye umbo lile lile la zamani. Wakati huo kuunda mashua kubwa hivyo kwa namna ile lilikuwa jambo geni. Mashua ile ingali inatembea hata leo, na umri wake umepita miaka mia na ishirini.

Tulikwenda pia Bénodet, kijiji kilicho mdomoni mwa mto Odet, ambako familia ile ilikuwa ikiweka mashua na ambako mtoto yule alijifunza bahari. Ni mahali patulivu, miti imefika mpaka majini kama mikoko yetu, ila si mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa tulipofika. Mashua zilikuwa zimelala ubavu juu ya tope, na watu wanazikwangua. Nilijiona niko nyumbani. Bahari ile hupwa na kujaa kupita yetu: kwetu wakati wa bamvua maji hupanda kadiri ya meta 3 au 4, Lorient hufika 5, na Saint-Malo, upande wa kaskazini wa Bretagne, hufika 12. Hebu fikirini kisima cha meta 12 kijae na kukauka mara mbili kwa siku.

Juu ya bamvua husimuliwa kisa ambacho Padre alikirudia mara mbili njiani, akicheka kila mara kabla ya kufika mwisho. Rais wa Ufaransa, Jenerali de Gaulle, alimwalika Tabarly karamuni. Tabarly akajibu kwa heshima kwamba siku ile hawezi, kwa sababu ndiyo siku ya bamvua, naye amekwisha panga kupweleza chombo akikwangue chini. Baadaye Rais alipomwalika tena, akamwambia aje, maji yakimruhusu. Mbretoni akisikia kisa hiki huona fahari. Nami nilipomsimulia mdogo wangu, hakucheka hata kidogo. Alisema, “Kaka, sasa angefanyaje? Bamvua haimngoji Rais.”

Lakini kwa nini Rais alimtafuta? Kwa sababu ya mwaka 1964. Waingereza walikuwa wameanzisha mwaka 1960 mashindano ya mtu mmoja mmoja, kila mtu peke yake chomboni, kutoka Plymouth kuvuka bahari ya Atlantiki mpaka Marekani. Sisi watu wa pwani tunajua kungoja: jahazi huenda na kaskazi na kurudi na kusi. Mashindano yale hayangoji. Pepo za bahari ile kaskazini hutoka magharibi, nao wanakwenda magharibi. Maana yake ni kubisha joshi siku baada ya siku, chombo kimelala ubavu, maji yakipita juu ya sitaha, na baridi, na ukungu, na mabarafu yaeleayo. Mshindi wa mwaka 1960, Mwingereza Francis Chichester, alichukua siku 40.

Tabarly akaomba ruhusa jeshini, akaundiwa chombo kipya kwa mashindano hayo tu, akakiita Pen Duick II: meta 13 na nusu, milingoti miwili, mbao nyepesi za tabaka. Juu ya chumba aliweka kuba la kioo, apate kuona nje bila kulowa, na ndani kiti cha pikipiki apate kukaa sawa chombo kikilala. Nyuma palikuwa na bawa la upepo lenye kushika usukani nahodha alalapo. Bawa hilo likavunjika baada ya siku chache tu. Mwenye kuendesha ngalawa usiku mmoja peke yake anajua maana yake. Yeye alikuwa na bahari nzima mbele yake. Wengine wangerudi, na hata yeye baadaye alikiri kwamba wazo la kurudi lilimjia. Akaendelea, akilala vipande vipande, akiamka kurekebisha usukani na matanga, mpaka akafika Newport, Marekani, kwa siku 27, saa 3 na dakika 56. Hakuwa ametumia redio kuulizia wenzake. Alipofika ilimbidi aambiwe kwamba yeye ndiye wa kwanza. Chichester alifika wa pili, karibu siku tatu nyuma.

Ufaransa nzima iliamka. Nchi ile ilikuwa na wavuvi hodari tangu zamani, lakini mashindano ya matanga walikuwa wamewaachia Waingereza. Rais akamvika nishani ya heshima kuu. Watu ambao hawajaona bahari wakaanza kutaka mashua. Na jambo hilo halikupoa kama magazeti yanavyopoa. Akaunda vyombo vingine, kila kimoja na wazo jipya: Pen Duick III, kisha ya IV yenye miili mitatu, mmoja katikati na miwili pembeni. Nilipoona picha yake nilisema kwa sauti, “Hiyo ni ngalawa!” Padre akacheka. Kweli ni kubwa mno, ni ya madini ya aluminiamu, na wazo lake wamelichukua kwa watu wa visiwa vya Bahari ya Pasifiki wala si kwetu. Lakini mtu wa ngalawa akiitazama anaona mara moja matengo na ndubi. Mwaka 1969 alishinda mashindano ya kutoka San Francisco mpaka Tokyo. Mwaka 1980, kwa chombo kingine cha miili mitatu, alivuka Atlantiki kwa siku 10 na saa 5, akaivunja rekodi ya merikebu moja ya Kimarekani iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1905. Tena yeye mwenyewe alikuwa shule. Vijana waliopanda vyombo vyake kama mabaharia wakatoka manahodha: Titouan Lamazou alishinda mara ya kwanza kabisa yale mashindano ya kuzunguka dunia peke yako bila kutua, mwaka 1990, na Michel Desjoyeaux akayashinda mara mbili, mwaka 2001 na 2009. Mpaka mashindano yaliyokwisha mwaka 2025 hajapata mtu asiye Mfaransa kuyashinda. Wote husema Tabarly hakuwafundisha kwa maneno. Hakuwa msemaji. Alivuta kamba, nao wakatazama.

Lakini cha mwaka 1976 ndicho watu wa Bretagne hupenda kukizungumza. Mwenyeji wetu, mzee aliyekuwa mvuvi tangu utoto, alitusimulia mezani kama mtu asimuliavyo habari za ndugu yake. Mashindano ni yale yale ya mtu mmoja mmoja. Safari hii Tabarly alikuja na Pen Duick VI, chombo cha meta 22 kilichoundwa kuendeshwa na mabaharia zaidi ya kumi. Yeye peke yake. Aliyeogopwa zaidi alikuwa kijana wake wa zamani, Alain Colas, aliyekuja na meli ya milingoti minne yenye urefu wa meta 72, naye mguu wake mmoja ulikuwa umesagwa na kamba ya nanga mwaka uliotangulia. Vyombo zaidi ya mia viliondoka Plymouth tarehe 5 Juni. Dhoruba zikafuatana, moja nyuma ya nyingine. Watu wawili walikufa. Bawa la kushikia usukani la Tabarly likaharibika tena, na chombo kile hakishikiki na mtu mmoja. Alikata tamaa, akageuza omo kurudi Ulaya. Akalala. Alipoamka akageuza tena, akaelekea Marekani.

Siku zikapita, hapana habari. Redio yake ilikuwa kimya. Ufaransa walianza kusema amekufa. “Mama yangu alikuwa akiweka redio mezani pamoja na sahani,” alisema mzee yule. Ndipo asubuhi ya tarehe 29 Juni, katika ukungu, tanga likaonekana Newport. Siku 23 na saa 20. Colas na meli yake kubwa walifika saa kadhaa baadaye. Aliporudi Paris umati ulijaa katika njia kuu ya mji kumlaki, naye, kwa picha nilizoziona, alikuwa na uso wa mtu atakaye kwenda nyumbani.

Huyo Colas alipotea mwaka 1978 katika mashindano mengine, na ile ngalawa kubwa ya miili mitatu aliyokuwa ameinunua kwa Tabarly. Hakuonekana mtu wala ubao.

Sasa nawapeleka kisiwani. Padre alisema, “Karani, wewe ni mtu wa madaftari, nitakuonyesha daftari la wafu usilolijua.” Tukapanda meli kwenda Ouessant, kisiwa cha mwisho cha Ufaransa upande wa magharibi, urefu kilometa 8 hivi. Mkondo wa bahari ulioko kati ya kisiwa na bara ni mkali. Meli ilitetemeka, nami mtoto wa pwani nilitapika mbele ya wageni. Kisiwani miti ni michache, kondoo wengi, na minara ya taa mikubwa. Wanaume wa kisiwa kile wote walikuwa mabaharia, na wanawake ndio waliolima.

Katika makaburi ya kijiji chao pana nyumba ndogo ya mawe, si kubwa kuliko banda la kuku. Zamani, mtu wa kisiwa akifa baharini na maiti isipatikane, jamaa walileta msalaba mdogo wa nta, urefu wa kidole. Msalaba ule uliwekwa mezani nyumbani kwake, juu ya kitambaa cheupe, mishumaa ikawashwa, watu wakakesha usiku kucha kama kwamba ni yeye. Kesho yake ukachukuliwa kanisani, akaombewa kama maiti yumo, na mwisho msalaba ukawekwa pamoja na misalaba mingine ndani ya ile nyumba ya mawe. Desturi hiyo huitwa proella. Ya mwisho ilifanywa mwaka 1962.

Ndugu wasomaji, nilisimama pale muda mrefu mpaka wenzangu wakaniita. Katika daftari la wafu, ninaloandika kila juma, pana mstari wa mahali alipozikwa marehemu. Kwa mjomba wangu mstari ule ni mtupu. Karani aliyenitangulia hakujua la kuandika, akavuta kistari kidogo cha wino. Nimekiona kistari kile mara nyingi. Bibi yangu hakukubali kufanya tanga la msiba miaka miwili, akisema hapana maiti, hapana matanga. Alikuwa akisikia mbwa usiku anafungua mlango. Mama yangu hata leo akila samaki mkubwa hutulia kwanza. Sikumwambia Padre habari hizi pale makaburini. Nilimwambia jioni, naye hakunijibu neno, alinimiminia chai.

Tabarly mwenyewe aliangukia maji usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni 1998. Alikuwa na miaka 66. Majuma machache kabla walikuwa wamefanya sikukuu kule Bénodet, Pen Duick imetimiza miaka mia, naye akaondoka nayo kwenda Skotlandi, pamoja na wenzake wanne, kwenye mkutano wa vyombo vilivyochorwa na fundi yule Fife. Wakiwa karibu na Wales upepo uliongezeka. Akapanda sitahani kubadili tanga kubwa kwa dogo, kazi aliyoifanya maelfu ya mara. Chombo kikayumba, mti wa foromali ukampiga, akaanguka nje. Wenzake walitupa maboya, wakarudi wakatafuta gizani, hawakumwona. Zaidi ya mwezi mmoja baadaye wavuvi wa Kifaransa waliuvua mwili wake na nyavu zao.

Hakuwa amevaa boya wala hakujifunga. Mabaharia wa mashindano wana mkanda wa kifuani wenye kamba fupi na kulabu, na kulabu hiyo huteleza juu ya waya uliotandikwa sitahani toka omo mpaka tezi. Ukianguka unabaki umening’inia. Yeye hakuupenda. Husemwa alizoea kusema kwamba mtu aangukaye majini hana kazi chomboni. Nilimwuliza mzee mwenyeji wetu kama maneno hayo ni ya hekima. Padre akafasiri. Mzee akafikiri, akasema katika ujana wake wavuvi wote waliona hivyo, hata wengi walikataa kujifunza kuogelea. Mkewe, aliyekuwa akiondoa sahani, akasema bila kugeuka kwamba hayo ni maneno ya wanaume, na kwamba ndugu zake wawili wako chini ya bahari. Mzee hakuongeza neno.

Mimi namheshimu sana nahodha yule. Lakini katika hili mama yule alisema kweli, na nahodha alikosa. Aliacha mke, na binti wa miaka 13. Binti huyo, Marie, ndiye sasa nahodha wa Pen Duick VI. Mwaka 2023 aliondoka nayo kuzunguka dunia na mabaharia wake, akarudi mwaka 2024.

Siku ya kuondoka Lorient niliingia duka la vitu vya mashua, nikanunua boya la kuvaa, jekundu, na mkanda wenye kulabu. Bei yake siisemi, mke wangu husoma gazeti hili. Nilipofika nyumbani nilimpelekea mdogo wangu. Aligeuzageuza, akavaa, akatembea nalo uani, watoto wakamcheka, naye akacheka zaidi kuliko wao. Akasema, “Kaka, nikienda nalo hili pwani wataniita meli ya wagonjwa.” Nikamsimulia yote: mashua ya mbao mbovu, bawa lililovunjika, kuba la kioo, ukungu wa Newport. Alipenda. Nilipofika kwenye foromali alinyamaza, akauliza upepo ulikuwa wa upande gani.

Juma lililofuata niliteremka pwani alfajiri wakati ngalawa zinaporudi. Yake ilikuwa ya tatu. Boya jekundu lilikuwamo. Alikuwa amelikunja vizuri, amelikalia.